Je, Kitabu Ulichokilipia ni Chako?

Ndugu msomaji, si vibaya mtu kujiburudisha kwa riwaya baada ya kazi za mchana. Lakini yatupasa kuijua mali tunayoilipia.

Mwaka 2007 kampuni ya Amazon ya Marekani ilitoa Kindle, chombo cha kusomea kilicho mithili ya kabati: kidogo mkononi, lakini kikibeba vitabu 200 hivi. Watu walifurahi. Kumbe ufunguo wa kabati ulibaki kwa muuzaji!

Mwezi wa Julai 2009 wasomaji walikuta riwaya mbili za George Orwell, 1984 na ile tuijuayo kwa jina la Shamba la Wanyama, zimetoweka. Kampuni ilizifuta kutoka mbali, kwa kuwa aliyezileta sokoni hakuwa na haki ya kuziuza. Fedha zilirudishwa, na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, akaomba radhi.

Zingatia, ndugu yangu. Kitabu cha karatasi ukishakilipia, waweza kumwazima jirani au kumrithisha mwanao, na muuzaji hana neno tena. Basi kabla ya kutoa fedha uliza: nanunua kitabu, au ruhusa ya kukisoma tu? Muuzaji mwadilifu hataona haya kukujibu.