Suruali ya Askari wa Wanyamapori: Kutoka Kaptula ya Kaki hadi Gwanda la Kijani

Anayeingia kichakani kandokando ya mto Ewaso Nyiro, kaunti ya Isiolo, hupokewa na kikwata, mti mfupi wenye miiba miwili miwili iliyopinda kama ndoana. Mwiba huo hunasa nguo, na mtu akivuta mguu kwa nguvu, kitambaa hutatuka. Kwa askari wa wanyamapori anayepita humo akifuata nyayo za jangili, suruali ni zana ya kazi sawa na bunduki na redio. Lakini kwa miongo mingi askari huyo aliifanya kazi hiyo magoti wazi.

Wakati wa ukoloni Isiolo ulikuwa makao makuu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyojulikana kwa herufi NFD. Askari wa utawala walioitwa dubas walivaa nguo nyeupe na vilemba vyekundu. Askari wa Idara ya Wanyamapori walifuata mtindo wa jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902: shati la kaki na kaptula ya kaki. Kitambaa chake kilikuwa pamba nzito iliyofumwa kwa mistari ya mshazari. Kilistahimili jua na kufuliwa mara nyingi, ila kikinyeshewa kilifyonza maji na kuwa kizito.

Kaptula ilikuwa na faida zake. Ilitumia kitambaa kidogo, haikuleta joto, na mguu mtupu hukauka upesi kuliko nguo baada ya kuvuka mto. George Adamson, aliyejiunga na idara hiyo mwaka 1938 na kuwa msimamizi wa wanyamapori kaskazini akiwa na makazi Isiolo, alijulikana kwa kaptula na kandambili, mara nyingi akiwa kifua wazi. Yeye lakini alivaa alivyopenda. Askari Mwafrika alivaa alichopewa, na kaptula ndiyo iliyokuwa pia sare ya mtoto wa shule na ya mtumishi wa nyumbani. Wakati huohuo wageni matajiri waliokuja kuwinda walipimiwa nguo Nairobi, katika maduka kama Ahmed Brothers, wakashonewa suruali na makoti yenye mifuko mingi kabla ya kupanda gari kwenda kaskazini.

Huko Uingereza, walinzi wa mashamba ya uwindaji walikuwa wakipambana na adui mwingine: mvua ya baridi isiyokatika. Mwaka 1823 Charles Macintosh wa Glasgow alipata hataza ya kitambaa chenye tabaka la mpira katikati. Mwaka 1894 J. Barbour alifungua duka South Shields, na jina lake likaja kuvuma kwa nguo za pamba iliyopakwa nta. Katika miaka ya 1940 watafiti wa Manchester walifuma pamba iliyoshikana sana, Ventile, ambayo nyuzi zake huvimba zikilowa na kuziba njia ya maji. Mwaka 1969 Mmarekani Robert Gore aligundua utando wenye vitundu vidogo mno, visivyopitisha tone la maji lakini vinavyopitisha mvuke wa jasho. Ndio uliozaa Gore-Tex.

Nguo hizo zina sifa nzuri, ila hazikubuniwa kwa ajili ya Isiolo. Nta hulainika katika joto, na mvaaji hulowa kwa jasho lake mwenyewe. Suruali ya nailoni hupiga kelele kila hatua, nayo kelele kichakani inaweza kumgharimu mtu maisha. Utando wa bei ghali ukitobolewa na mwiba huanza kuvuja.

Kilichobadilisha sare nchini Kenya kilikuwa risasi. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, lakini majangili waliendelea kuua. Ndovu wa Kenya, waliokuwa takriban 167,000 mwaka 1973, walibaki kama 16,000 mwaka 1989. Vifaru weusi walipungua kutoka wapatao 20,000 hadi chini ya 400. Majangili walikuja na bunduki za rashasha huku askari wengi wakibeba bunduki kuukuu. Adamson mwenyewe aliuawa na watu wenye silaha huko Kora, Agosti 1989.

Mwezi mmoja kabla ya hapo Rais Moi alikuwa amechoma tani 12 za pembe za ndovu jijini Nairobi. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likachukua nafasi ya idara ya zamani chini ya Richard Leakey, na askari wakaanza kufundishwa na kuvishwa kama wapiganaji: gwanda la kijani, suruali ndefu, buti. Suruali sasa ilipaswa kumficha mvaaji, kumruhusu kupiga goti ghafla na kutambaa kwa tumbo.

Leo Isiolo ina hifadhi za Buffalo Springs na Shaba, pamoja na hifadhi za jamii zilizoongezeka tangu shirika la Northern Rangelands Trust lianzishwe mwaka 2004. Mvua ni haba, lakini ikija haina huruma: Machi 2010 Ewaso Nyiro ulifurika na kusomba kambi za watalii. Askari anayelala nje usiku wa namna hiyo akiwa amelowa hupigwa na baridi kali, joto la mchana lilivyo lote.

Kwa hiyo suruali ya kumfaa ni ipi? Ni ya mchanganyiko wa pamba na polista, iliyofumwa kwa nyuzi nene za miraba ili tundu dogo lisiwe mpasuko. Magoti na makalio yawe na kitambaa maradufu, mishono mikuu ishonwe mara mbili au tatu, na kiuno kiwe na nafasi ya kuchuchumaa. Ikilowa ikauke upesi. Mvua iachiwe suruali nyepesi ya juu au koti la mvua linalokunjwa mkobani na kuvaliwa inapohitajika tu. Anayenunua akisugue kitambaa karibu na sikio: kikipiga kelele, akirudishe.

Tarehe 31 Julai dunia huadhimisha Siku ya Walinzi wa Wanyamapori, na hotuba za kuwasifu hazikosekani. Serikali ya kaunti, wasimamizi wa hifadhi na wafadhili waanze na bajeti: kila askari apewe suruali mbili imara na vazi la mvua, na zibadilishwe kabla hazijachanika. Tunamtaka mtu huyu asimame kati ya ndovu na risasi. Kumvisha ipasavyo ni deni letu.