Kasuku mdogo akiugua ghafla: dalili na la kufanya

Asubuhi alikuwa akilialia kama kawaida. Alasiri nilimkuta chini ya tundu, amevimbisha manyoya, macho kayafumba. Nikadhani ni usingizi. Kulipokucha alikuwa amekufa.

Ndugu msomaji, kasuku huyu mdogo wa kijani na manjano, ambaye asili yake ni Australia, ana uzito wa gramu 30 hadi 40 tu, na huficha maradhi mpaka yamzidi. Ukiona dalili, usingoje kesho.

Dalili ni hizi: hataki kula, amejikunyata, kinyesi kimebadilika, mkia wapanda na kushuka kila anapopumua.

Mtenge na wenzake. Mweke penye joto pasipo upepo, chakula na maji yawe karibu naye. Usimtie maji mdomoni kwa nguvu, yataingia mapafuni, wala usimpe dawa za binadamu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja. Nawa mikono, kwani baadhi ya maradhi yake huambukiza watu.

Nasi watu wa Pwani tujihadhari na moshi. Udi na dawa ya mbu ya kuwasha huumiza mapafu yake. Siku ile, chetezo changu kilikuwa karibu na tundu.