Meza ya kwanza ilinyooshwa juu ya meza gani?

Seremala hupiga randa mbao zake juu ya meza. Meza ikiwa imepinda, kila ubao unaonyooshwa hapo unaweza kurithi kasoro hiyo. Sasa jiulize: meza yenyewe ilinyooshwa juu ya nini?

Twende Paris ya karne ya 18. André-Jacob Roubo, seremala mtoto wa seremala, aliandika kitabu kikubwa cha ufundi huo, L'Art du menuisier, kilichotoka kati ya 1769 na 1775 chini ya Akademia ya Kifalme ya Sayansi. Uso wa meza anayoieleza ni ubao mmoja tu, wenye unene wa inchi 5 hadi 6 na upana wa inchi 20 hadi 24, kwa vipimo vya Ufaransa ya wakati huo.

Ubao mnene hivyo hukauka polepole sana, na hapo ndipo shida inapoanza. Mti mbichi una maji ndani ya matundu ya seli na maji mengine yaliyoshikamana na kuta za seli. Yale ya kwanza yakitoka, umbo halibadiliki. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, yanatoka yale ya kwenye kuta, na ubao unasinyaa. Tena hausinyai sawasawa! Kufuata mzunguko wa pete za mti, husinyaa karibu mara mbili ya kutoka kiini kwenda gome. Kwa urefu, karibu hakuna kitu. Ndiyo maana ubao ulionyooshwa ukiwa mbichi hujikunja baadaye.

Basi kwanza ni kusubiri ukauke. Kisha fundi wa randa ya mkono huweka vijiti viwili vilivyonyooka, kimoja kila mwisho wa ubao, anainama na kutazama kingo zake za juu. Zisipokwenda sambamba, ubao umejipinda. Anapunguza pembe zilizoinuka, akipiga randa kukata nyuzi kwanza, halafu kuzifuata.

Na vijiti navyo? Viweke ukingo kwa ukingo, uvielekeze kwenye mwanga, kisha ugeuze kimoja utazame tena. Mwanga ukipenya, bado.

Kumbe hakuna meza iliyohitajika. Kipimo cha mwisho kilikuwa mwanga, kwa sababu husafiri kwa mstari ulionyooka. Nawe ukienda kununua mbao za meza, kabla ya bei uliza kwanza: zilipasuliwa lini?