Wafanyakazi wa Paris na Kiti cha Enzi

Tarehe 24 Februari 1848 Mfalme Louis-Philippe wa Ufaransa alikiacha kiti cha enzi. Waliomwondoa, tukumbuke, walikuwa hasa mafundi na vibarua wa Paris, waliochoshwa na ukosefu wa kazi. Waling'oa mawe ya barabarani, wakajenga vizuizi, wengine wakafa. Jamhuri mpya iliwaahidi kazi, ikawafungulia karakana za taifa. Mwezi Juni ilipoamua kuzifunga, waliasi, na maelfu wakauawa. Askofu Mkuu Denis-Auguste Affre, aliyekwenda kuwasihi waache kumwaga damu, alipigwa risasi tarehe 25 Juni, akafariki siku mbili baadaye. Tutafakari basi: anayeasi kwa kukosa riziki hashibishwi na jina jipya la serikali.