Core 2 Quad Q6600 na Core 2 Duo E8400

Core 2 Quad Q6600 na Core 2 Duo E8400 ni prosesa mbili za kompyuta za mezani zilizotengenezwa na kampuni ya Intel ya Marekani. Q6600 ilitolewa Januari 2007 na E8400 mwaka mmoja baadaye, Januari 2008. Zote mbili huchomekwa kwenye soketi moja, LGA 775, na katika mwaka 2008 bei zake hazikuachana sana. Mnunuzi alipaswa kuchagua kati ya viini vinne vya polepole na viini viwili vya haraka. Uchaguzi huo bado upo kwa mafundi na wenye maduka ya Afrika ya Mashariki wanaotumia kompyuta za mtumba za kizazi hicho.

Muundo

Q6600 si prosesa moja yenye viini vinne kwa maana kamili. Ndani yake kuna vipande viwili vya silikoni vilivyowekwa bega kwa bega, kila kimoja kikiwa na viini viwili na kache ya MB 4. Kiini cha kipande kimoja kikihitaji data iliyo kwenye kipande cha pili, data hiyo hupita kwenye njia ileile ya nje inayounganisha prosesa na kumbukumbu. Mwendo wa kila kiini ni GHz 2.4, na teknolojia yake ni ya nanomita 65.

E8400 ina kipande kimoja, viini viwili vya GHz 3.0 na kache ya MB 6 inayotumiwa na viini vyote viwili. Ilitengenezwa kwa teknolojia mpya zaidi ya nanomita 45, ndiyo maana haipati joto sana. Njia yake ya nje pia ni ya haraka zaidi: MHz 1333 dhidi ya 1066 za Q6600.

Zote mbili hazina uwezo wa michoro ndani yake. Picha ya kwenye skrini hutegemea ubao mama au kadi ya michoro.

Uwezo

Kwa kazi inayotumia kiini kimoja au viwili, kama kuandika barua, kupanga hesabu au kucheza michezo ya wakati ule, E8400 hushinda. Mwendo wake pekee unazidi kwa asilimia 25, na viini vyake vimeboreshwa kidogo kuliko vya Q6600. Kwa kazi inayogawanyika vizuri, kama kubadilisha filamu kutoka umbo moja kwenda jingine au kubana mafaili, Q6600 hutangulia. Kwa hesabu ya karatasini viini vyake vinne hutoa GHz 9.6 kwa pamoja dhidi ya 6.0, ingawa kwa vitendo pengo hupungua kwa sababu viini vyote hugombea njia moja ya kumbukumbu.

Mwaka 2008 watu wengi walishauri E8400, kwa kuwa programu chache ndizo zilizojua kutumia viini vinne. Ushauri huo ulizeeka haraka. Kivinjari cha Chrome, kilichotoka Septemba mwaka huohuo, kilizigawa kurasa katika michakato mingi inayokwenda pamoja, na michezo mipya ikaanza kudai viini vinne. Aliyechagua Q6600 alikaa na kompyuta yake muda mrefu zaidi kabla ya kuiona nzito.

Bei na umeme

Q6600 ilianza kwa dola 851, ikashushwa hadi dola 266 Julai 2007. E8400 ilianza kwa dola 183. Hizo ni bei za Intel kwa wanunuzi wa jumla. Katika soko la mtumba bei hizo hazina maana tena. Kinachobaki ni gharama ya kuiendesha.

Intel iliipa E8400 kiwango cha joto cha wati 65. Q6600 ya toleo la kwanza, B3, ilipewa wati 105, na toleo la G0 la Julai 2007 wati 95. Tofauti kati ya E8400 na Q6600 ni wati 30 hadi 40 zikiwa kazini kikamilifu. Kompyuta ikiwa imetulia pengo ni dogo kuliko hapo.

Mfano unaweza kuchukuliwa mjini Kigoma, mkoa uliotegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi kabla ya kufikiwa na gridi ya taifa. Kibanda cha steshenari karibu na mwalo wa Katonga, wanakoshushia dagaa na migebuka, kikiwasha kompyuta saa 10 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, wati 40 za ziada hufikia uniti 10.4 za LUKU. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti, pamoja na kodi na tozo, hizo ni takriban shilingi 3,700 kwa mwezi. Kwa mwenye kibanda anayechapa barua na kutoa nakala, fedha hiyo inapotea bure, maana kazi yake haivitumii viini vinne. Anayebadilisha filamu za wateja ziingie kwenye simu ana sababu ya kuilipa.

Kwa vijiji vya ufukweni vinavyotumia sola hesabu ni kali zaidi. Wati 40 kwa saa 10 ni Wh 400. Betri ya risasi ya volti 12 na Ah 100, isiyopaswa kushushwa chini ya nusu, hutoa takriban Wh 600. Theluthi mbili zake zingeliwa na tofauti hiyo tu.

Upatikanaji na mipaka

E8400 hupatikana kwa urahisi zaidi kwa sababu iliwekwa kwenye kompyuta nyingi za ofisi, zikiwemo Dell OptiPlex 760 na 780 na HP Compaq dc7900. Q6600 ilipendwa zaidi na watu binafsi waliojiundia kompyuta. Anayetaka kubadilisha moja kwa nyingine aangalie kwanza ubao mama: ubao wa mwaka 2006 unaweza kuipokea Q6600 usiitambue E8400, hata BIOS ikisasishwa. Q6600 ya G0 hutambulika kwa alama SLACR juu ya kifuniko chake; ya B3, yenye joto zaidi, ina alama SL9UM.

Zote mbili hazina maagizo ya SSE4.2, hivyo Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 haiwaki kabisa. Masasisho ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Linux kama Debian ya biti 64 bado huendeshwa na zote.

Kwa anayenunua kompyuta nzima, si prosesa peke yake, Core i3-2100 ya mwaka 2011 ni chaguo bora kuliko E8400: ina wati 65 zilezile, michoro ndani yake na maagizo ya SSE4.2. Haiingii kwenye soketi ya LGA 775, kwa hiyo haimsaidii mwenye ubao mama wa zamani.