Ukungu wa San Andreas

Kama una hamu ya kucheza GTA San Andreas iliyotengenezwa upya mwaka 2021, ushauri wangu ni mmoja: tafuta kwanza ile ya zamani, ya PS2. Sisemi hivyo kwa sababu ya kupenda vya kale. Ile ya 2004 ni waraka wa historia, na waraka ukiandikwa upya kuna mistari inayopotea bila msomaji mpya kujua kwamba iliwahi kuwepo.

Nimezicheza zote mbili hapa Bulwa, nikaanza na ya zamani kwa PS2 ya kuazima. Vijana wengi wa huku milimani na kule Muheza walikutana na CJ kwenye vibanda vya gemu, wanalipia dakika huku wenzao wamesimama nyuma wakielekeza. Ukilipia dakika, nani atasikiliza hadithi? Unaiba gari, unakimbizwa na polisi, muda umekwisha.

Lakini hadithi ipo, tena nzito. Ni mwaka 1992. CJ anarudi Los Santos kumzika mama yake, anaangukia mikononi mwa polisi mla rushwa, Tenpenny. Mwishoni mahakama inamwachia Tenpenny na mji unawaka moto. Hayo yana mzizi wake: tarehe 29 Aprili 1992, Los Angeles ililipuka baada ya kuachiwa polisi walionaswa kwenye video wakimpiga Rodney King. Watu zaidi ya 50 walikufa.

Sasa, ukungu. PS2 ilikuwa na memori ya MB 32 tu. Haikuweza kubeba jimbo zima kwa mara moja, hivyo ilichora vya karibu na kuviacha vya mbali. Mafundi wakaufunika umbali kwa ukungu na vumbi la rangi ya machungwa. Umaskini ule wa mashine ukazaa kitu: Los Santos ikawa na joto na moshi, na nchi ikaonekana haina mwisho. Mlima Chiliad ulijitokeza polepole, kadiri unavyousogelea. Anayeishi kwenye chai ya Bulwa anaelewa hili bila kufundishwa. Asubuhi ukungu ukishuka, kilima cha jirani kinakuwa safari.

Novemba 2021 likaja toleo jipya. Mashine za leo hazina shida ya memori, basi ukungu ukaondolewa. Ukipanda juu ya jengo Los Santos, unauona Chiliad pale pale, kama uko uani kwako. Jimbo zima likawa dogo. Mvua nayo ilifanana na nyuzi nyeupe. Kabla ya wiki mbili kuisha, Rockstar Games waliomba radhi. Ilibidi kusubiri hadi Novemba 2024 ndipo mchezaji wa konsoli na kompyuta akapewa chaguo la mwanga wa zamani, na ukungu ukarudi.

Wapenzi wa fasihi hawatashangaa. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, za mwanzoni mwa karne ya 19, ziliishi vichwani mwa watu na katika hati za Kiarabu, hadi W. Hichens alipozichapa kitabuni kwa herufi za Kirumi mwaka 1940. Kitabu kiliziokoa, hilo halina ubishi. Ila kila anayehamisha hati analazimika kuamua neno lenye utata lisomweje, na msomaji wa baadaye anaupokea uamuzi ule kama ndiyo tungo yenyewe.

Tofauti ni kwamba tungo zilitunzwa na watu. Gemu iko mikononi mwa kampuni. Mwaka 2021 matoleo ya zamani yaliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni kupisha jipya. Makelele ya wachezaji ndiyo yaliyoyarudisha kwa upande wa kompyuta. Hata kabla ya hapo, leseni zilipoisha, nyimbo kadhaa za redio ziliondolewa kwenye matoleo ya baadaye. Na redio ndiyo sauti ya 1992!

CD iliyokwaruzika kwenye kibanda cha gemu bado inazo nyimbo zote. Kama unayo, usiitupe. Icheze hadi usiku ule mji unapowaka. Kisha washa mpya, uzime mwanga wa zamani, upande juu ya jengo na kuutazama Mlima Chiliad. Kilichoondolewa utakiona mwenyewe.