Chai za viungo Pemba: Unywe ipi, lini na sukari kiasi gani?

Majani ya chai hulimwa Bara, kwenye baridi ya Mufindi, Rungwe na Usambara. Lakini harufu ya chai ya Pemba inatoka hapa hapa: mchaichai, mdalasini, iliki, tangawizi na karafuu.

Kubadilisha chai ni jambo zuri kwa afya. Ila faida inaweza kupotea kwa mambo mawili: sukari na muda wa kunywa.

Zijue chai zako

Mchaichai: Ukichemshwa peke yake bila majani ya chai, hauna kafeini. Unafaa usiku kwa anayekosa usingizi.

Tangawizi: Husaidia kupunguza kichefuchefu, hata cha mimba changa. Vipande vichache tu vinatosha.

Karafuu: Ni tumba la ua lisilofunguka. Ina eugenol, dawa ya ganzi inayotumika pia kwenye tiba ya meno. Chembe mbili tatu kwa birika zinatosha. Mafuta ya karafuu usiyanywe kabisa, yanaweza kuharibu ini, na kwa mtoto ni hatari zaidi.

Mdalasini na iliki: Huipa chai ladha ya utamu, kwa hiyo ni rahisi kupunguza sukari.

Rozela (choya): Chai yake nyekundu inaweza kushusha presha kidogo. Kama unatumia dawa za presha, muulize daktari kwanza. Isichukue nafasi ya dawa.

Usinywe pamoja na chakula

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Chai ya rangi na ya maziwa zina tanini. Tanini hushika madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, mchicha na vyakula vingine vya mimea, mwili ukashindwa kuyachukua vizuri. Madini hayo ndiyo yanayotengeneza damu.

Pemba upungufu wa damu ni tatizo la miaka mingi, hasa kwa wajawazito na watoto wadogo. Kwa hiyo mjamzito asimeze vidonge vya kuongeza damu kwa chai, atumie maji. Na mtoto mdogo asishibishwe kwa chai na mkate kila asubuhi.

Ukishakula, subiri kama saa moja ndipo unywe chai. Na chakula chako kisindikize na chungwa, embe au ndimu, maana vitamini C husaidia mwili kuchukua chuma.

Hesabu vijiko

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongeza kwa siku, na ikiwezekana abaki kwenye 25. Kijiko kidogo kimoja ni kama gramu 4. Vikombe viwili vya vijiko vitatu vitatu vimeshafika 24, hujagusa soda wala kashata.

Punguza nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea.

Iache ipoe kidogo

Mwaka 2016, wataalamu wa saratani wa shirika hilo walisema vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya koo la chakula. Chai inayounguza ulimi, isubiri dakika chache.

Kwa ufupi: viungo vingi, sukari kidogo, mbali na mlo. Na kama unaumwa, chai ni ya kuburudisha, tiba iko hospitali.